Programu hii ya barua pepe imelipigia jina la marehemu mstari mwekundu!

Ndugu wanajukwaa, sitaitaja kwa sababu wote mnaijua, na wengi wenu mnaifungua kila asubuhi kwenye kompyuta zenu. Nimetoka sasa hivi kuandika barua ya rambirambi, na programu hiyo imeijaza mistari myekundu kuanzia salamu hadi sahihi, kana kwamba nimeiandika kwa damu. Ilipofika kwenye jina la marehemu, ikalipigia mstari na kunipendekezea jina la mtu mwingine. Jina la marehemu!

Kamusi ya Kiswahili haikuja na programu, kwa hiyo niliipakua na kuiongeza mwenyewe, kisha nikawasha ukaguzi wa tahajia wakati wa kuandika na ule wa kabla ya kutuma. Hata hivyo, kila nikifungua barua mpya, lugha inarudi kuwa Kiingereza. Nilipobofya kutuma, dirisha la ukaguzi likanisimamisha kwenye jina lile lile, likisubiri nikubali kulibadilisha. Mtu amezikwa jana, leo programu inataka kumpa jina jipya!

KalamuKavu: Pole kwa msiba. Ila ndugu yangu, naona umeililia programu kuliko ulivyomlilia marehemu.

Mnyambuliko: Msimcheke. Kamusi hizo huwa na mafaili mawili, moja la maneno na jingine la kanuni za viambishi. Hilo la pili likiwa dhaifu, “pika” hupita lakini “hatukuwapikia” hupigwa mstari. Hunspell, inayokagua tahajia katika programu nyingi, ilianza kwa ajili ya Kihungaria, lugha yenye viambishi tele, kwa hiyo Kiswahili kisisingiziwe ugumu. Mtoa mada, bofya kitufe cha kulia cha kipanya ndani ya barua, uchague lugha hapo hapo, na jina uliongeze kwenye kamusi yako.

Mtoa mada: Yaani mimi ndiye nimtambulishe marehemu kwa programu?

Mwandishi_wa_Zamu: Wewe angalau umeulizwa. Ninayoandikia ripoti mimi haiulizi. Hubadilisha neno kimyakimya, nami hugundua wakati barua imeshamfikia mkuu wa idara.

KalamuKavu: Hiyo ndiyo mbaya zaidi! Nilizima masahihisho ya papo kwa papo kwenye mipangilio, programu iliposasishwa yakajiwasha tena. Nani ameweza kuyazima yakazimika?