Kupunguza vitu vya nyumba kabla ya kuhamia mbali: orodha kwanza, maboksi baadaye

Ndugu zangu,

Dada aliyeuliza aanzie wapi, ikiwa familia yake inahamia nchi nyingine na nyumba imejaa vitu vya miaka mingi, ameshajibiwa mengi kuhusu maboksi, utepe wa gundi na namna ya kumpata msafirishaji. Yote hayo yana wakati wake, lakini kwa maoni yangu wakati huo haujafika, kwa sababu kazi iliyo nzito katika kuhamia mbali ni kuamua, na kufunga mizigo hufuata maamuzi. Ningemsihi asinunue hata boksi moja kabla ya kuwa na daftari lililoorodhesha vitu vya kila chumba. Orodha hiyo moja itasomwa na msafirishaji anapokadiria gharama, na afisa wa forodha anapotaka kujua kilichomo, na kampuni ya bima endapo kitu kitavunjika, na mwisho ataisoma yeye mwenyewe usiku wa kwanza anapotafuta shuka za watoto.

Daftari hilo liwe na vipimo, si majina tu. Mzigo wa nyumbani unaokwenda kwa meli hutozwa hasa kwa nafasi unayochukua: kontena la futi 20 lina takriban mita za ujazo 33 ndani yake, la futi 40 lina takriban 67, na anayechangia kontena na wenzake hulipia sehemu aliyoijaza. Chukua sofa yenye urefu wa mita 2, kina cha sentimita 90 na kimo cha sentimita 90. Hiyo ni mita za ujazo 1.62. Boksi la vitabu la sentimita 45 kwa 30 kwa 30 huchukua mita za ujazo 0.0405, maana yake sofa moja imekalia nafasi ya maboksi 40 ya vitabu. Hesabu hiyo ikishaandikwa, mjadala wa sofa huwa mfupi, kwa kuwa swali si tena kama mnaipenda, bali ni kama nafasi yake inagharimu zaidi ya kununua nyingine mfikapo. Kwa ndege mambo ni makali zaidi, kwani kwa kanuni inayotumika sana mita moja ya ujazo huhesabiwa kuwa kilo 167 hata kama mmejaza mito mitupu.

Kila kitu katika orodha kipate uamuzi mmoja kati ya minne: kinakwenda, kinauzwa, kinatolewa kwa mwenye haja nacho, au kinatupwa. Sishauri kuwa na fungu la tano la vitu vya kufikiriwa baadaye, maana ndilo linalokua kila wiki na ndilo hufungwa usiku wa mwisho bila kuchambuliwa. Anzeni na sehemu ambazo hazifunguliwi kila siku, yaani stoo, makabati ya juu na uvungu wa vitanda. Jiko liwe la mwisho.

Vyombo vya umeme vitazamwe kibao chake nyuma au chini. Kilichoandikwa volti 100–240 na Hz 50/60, kama zilivyo chaja nyingi za simu na kompyuta, kitafanya kazi karibu popote na kitahitaji plagi tu. Pasi, birika la umeme na kikausha nywele vilivyotengenezwa kwa volti 230 havitapata moto wa kutosha kwenye volti 120, na vya volti 120 vikichomekwa kwenye 230 huungua. Transfoma ya kuvihimili ni nzito na ni ghali, hivyo naona ni busara kuviuza mapema vikiwa bado vinafanya kazi.

Vitu vya moyoni ndivyo vinavyochelewesha familia nyingi, na hapa naomba tuwe na subira baina yetu. Mume asitupe cha mke, wala mzazi asitupe cha mtoto wakati mtoto yuko shuleni, hata kama kitu chenyewe kinaonekana hakina kazi. Njia ninayoiamini ni kumpa kila mtu, pamoja na mtoto anayeanza tu kusoma, boksi moja lenye jina lake, alijaze kwa anavyovipenda na asiulizwe sababu. Kisichoingia humo ndicho kinachojadiliwa. Mtoto ambaye mwanasesere wake amechakaa na ana jicho moja anajua vizuri kwa nini anamweka juu ya vyote. Vitu vya wazazi waliofariki vishughulikiwe siku yake, na ndugu wengine waulizwe kabla chochote hakijatoka, kwa kuwa pengine kuna mmoja anayekitamani na hajapata kusema. Picha za karatasi zipigwe nakala za kidijitali, kisha zenyewe zisafiri ndani ya begi la mkononi.

Begi hilohilo ndilo la nyaraka. Vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa, vyeti vya masomo, kumbukumbu za chanjo na barua za matibabu zisiingie kwenye kontena hata kwa bahati mbaya. Ikiwa nchi zote mbili zimo katika Mkataba wa The Hague wa 1961, hati za serikali zinaweza kuthibitishwa kwa apostili, yaani cheti kinachothibitisha kwamba sahihi na muhuri wa hati ni halali, na kwa kuwa apostili hutolewa na nchi iliyotoa hati, ni rahisi zaidi kuishughulikia kabla ya kuondoka.

Kuhusu forodha, nchi nyingi humsamehe ushuru anayehamia kwa vitu vya nyumbani alivyokwisha kuvitumia, na baadhi hutaka viwe vimemilikiwa kwa muda maalumu. Kwa hiyo kukimbilia kununua vitu vipya siku chache kabla ya kusafirisha kunaweza kuwagharimu. Maboksi yapewe namba, iandikwe juu na pande mbili, na orodha itaje vilivyomo kwa majina. Maneno kama “vitu mbalimbali” huwapa maafisa sababu ya kufungua. Ulizeni pia bima inasemaje kuhusu maboksi mliyofunga wenyewe, kwa sababu sera nyingi hazilipi vyombo vilivyovunjika ndani ya boksi ambalo halikufungwa na msafirishaji.

Unyevu nao ni adui. Kontena linalotoka kwenye joto kwenda kwenye baridi hutoa matone darini, nayo hudondokea mizigo. Friji iyeyushwe barafu na kuachwa wazi angalau siku nzima ikauke, mashine ya kufulia itolewe maji yote na kurudishiwa zile bolti za kuzuia pipa lisitikisike, na magodoro yafunikwe yakiwa makavu kabisa. Baiskeli, majembe na viatu vya shambani vioshwe mpaka udongo wote utoke, maana nchi kadhaa huzuia mzigo kwa ajili ya tope tu. Mkitengenezewa kreti za mbao, ziwe na muhuri wa ISPM 15, unaoonyesha kwamba mbao zimetibiwa dhidi ya wadudu, kwa mfano kwa kupashwa joto hadi nyuzi 56 kwa dakika 30 katika kiini chake. Mitungi ya gesi, rangi, petroli na makopo ya kupulizia hayapokelewi. Pawabenki zisizozidi wati-saa 100 zisafiri kwenye begi la mkononi.

Fanicha zinazofumuliwa zipigwe picha kabla ya kuguswa bisibisi. Skrubu za kila moja ziwekwe kwenye mfuko mdogo wenye jina, ufungwe kwa utepe ndani ya mlango wa kabati au chini ya meza yenyewe, usikusanywe na mingine.

Nakala ya orodha iliyokamilika apewe wakala atakayewapokelea mzigo bandarini kabla meli haijafika, pamoja na hati ya shehena, kwa kuwa kontena likikaa kwa kukosa karatasi hutozwa kwa siku. Dada akipenda, aniandikie vipimo vya vyumba na vitu vyake vikubwa, nami nitamsaidia kupiga hesabu ya mita za ujazo kabla hajazungumza bei na mtu yeyote.