Mrejesho: dubu wa Yellowstone na lenzi yangu ya milimita 300

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kama lenzi ya milimita 300 inatosha kupiga picha dubu kwenye hifadhi ya Yellowstone, Marekani, na kama ile dawa ya pilipili ya kumpulizia dubu akikuvamia ina kazi au ni kutishana tu.

Lenzi haitoshi. Sheria ya hifadhi ni kukaa yadi 100 kutoka kwa dubu, kama mita 91, na kwa umbali huo dubu anatoka kidoti. Aliyesema nikodishe ya 600, nakupa tano. Kule Lamar Valley, bonde moja la hifadhi, watu wanapanga stendi za kamera kando ya barabara tangu alfajiri, na askari wa hifadhi akisema rudini nyuma, hakuna mjadala. Jike mmoja wa grizzly, yule dubu mkubwa wa kahawia, alishuka na watoto wawili akaanza kufukua mizizi, kucha ndefu zinapindua udongo kama jembe. Wala hakutuangalia.

Dawa nunueni mkishafika, kwenye ndege hairuhusiwi hata ndani ya mizigo. Ikae kiunoni, si kwenye begi la kamera! Yangu haikutumika, nikamwachia jirani wa kambini.

Kwa aliyesema amezoea simba wa Mikumi: kule Yellowstone unashuka garini na kutembea. Hifadhi inashauri muwe watatu au zaidi, na ni kweli, maana jicho likiwa kwenye kamera humwoni anayetokea kichakani. Sisi tulipeana zamu, mmoja anapiga picha, wengine wanaangalia na kuongea kwa sauti. Usiku chakula, hadi dawa ya meno, kwenye sanduku la chuma, harufu isimvute dubu.

Picha nitaweka nikimaliza kuzihariri.