Tupeane uzoefu: ukiwa mwani, hotelini au sokoni, mwanao anabaki na nani?

Ukindu (mwanzisha mada)

Assalam aleikum. Nina jambo linanikaa rohoni, nataka tulizungumze kwa hali zetu wenyewe.

Mama aliyeajiriwa anapata likizo ya uzazi ya miezi mitatu. Skuli ya maandalizi inampokea mtoto akitimia miaka 4, na Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 imeiingiza maandalizi katika elimu ya lazima, jambo ambalo mimi nalishukuru kwa dhati. Lakini hebu hesabuni. Tangu miezi mitatu mpaka miaka minne, mtoto wa mama anayefanya kazi ni wa nani mchana? Na huyo ni aliyeajiriwa. Mama wa mwani, wa vitumbua, wa kufua nguo za watu, akitoka arobaini keshaanza kuwaza atarudi lini kazini.

Jibu letu la siku zote ni "ana bibi yake". Wapo wasio na bibi. Wapo wenye bibi ambaye naye yuko baharini. Na wapo ambao jibu lao ni dada wa miaka tisa, ambaye leo hakwenda skuli.

Mimi naamini hivi, na mnipinge kama mnaona vyengine: watu wa kuwapenda watoto tunao, tunachokosa ni mlezi anayelipwa na saa za kulea zinazofuata saa za kazi ya mama. Semeni mtoto ana umri gani, anabaki na nani, mnalipa nini, kipi kimesaidia. Majina ya watu, hoteli na skuli tusiyataje.

Mwanamwani

Waaleikum salaam. Niko Jambiani.

Watu wa Mjini wakisikia mwani wanadhani tunashuka kila siku. Kazi yetu ni bamvu, mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Siku hizo bahari inakauka mnamo saa 4 asubuhi, kesho yake inasogea mbele karibu saa nzima, hivyo hivyo mpaka yanaingia maji mafu. Tunashuka saa 2, tunapanda saa 6 au 7. Siku za mafu tupo nyumbani, tunaanika na tunafunga mbegu kwenye kamba.

Sasa nasari ya karibu na kwangu inataka ada ya mwezi mzima, na inataka mtoto aliyekwisha kuacha kujikojolea. Mimi wangu alikuwa na miezi saba, na namtaka mtu wa siku za bamvu tu. Kwa hiyo tulikuwa tunashuka nao. Unamlaza kwenye beseni, unamfunika kanga, kamba ya beseni unaifunga kwenye kigingi. Jua la juu linampiga na la kwenye maji linampiga. Ukizama katika kazi, unageuka maji yameshaanza kurudi. Sitaki kuyakumbuka sana yale.

Tuna kikundi cha hisa, na kama vikundi vyote kina mfuko wa jamii, ule wa misiba na maradhi. Mkubwa wetu mmoja akauliza kikaoni: mfuko huu unaliwa na maradhi ya nani kama si ya watoto waliochomwa jua na waliobaki peke yao? Tukakubaliana kila mwanachama aongeze shilingi 500 kila kikao, hata asiye na mtoto mdogo, na mwenye mtoto atoe 1,000 kila siku ya kushuka. Tukapata walezi wawili: mama wa makamo ambaye mgongo wake haukubali tena kuinama majini, na msichana aliyemaliza skuli. Wanakaa uani kwa mwenzetu, chini ya mwembe, chumba kipo kwa mvua.

Kalenda yetu ni mwezi. Hatusemi Jumatatu, tunasema bamvu.

Uzito upo kwenye bei. Mwani wa aina ya cottonii ndio unaolipa vizuri, na huo unakufa kwa sababu bahari imepata joto. Tumebaki na aina ya pili, spinosum, ambayo inanunuliwa kwa bei ndogo. Kupata pesa ile ile mama anafunga kamba nyingi zaidi, anakaa majini zaidi, na mtoto anakaa kwa mlezi zaidi. Pesa inapungua hapo hapo saa zinapoongezeka. Ndiyo maana zile 500 za kila mtu ni muhimu kuliko 1,000 za mwenye mtoto: mwezi mbaya unawakuta wenye watoto hawana, lakini mfuko upo.

Ukindu

Mama asipomleta mtoto siku hiyo, mlezi anakosa?

Mwanamwani

Hakosi. Analipwa kwa bamvu zima, waje watoto wanane waje watatu. Mwanzo tulilipa kwa kichwa cha mtoto, na yule msichana akawa hana hakika ya kipato. Akapata kibarua cha kusuka nywele za wageni ufukweni, akaenda, na ana haki. Tulipogeuza malipo alirudi.

Mzee wa Busara

Mie sipendi kuwavunja moyo, lakini mtoto mchanga ni wa mamake. Zamani tulilelewa majumbani na tukakua.

Mwanamwani

Baba, zamani mama yako alikuwa na wifi zake, mama mkwe wake na jirani yake uani pamoja naye. Wote hao leo wako majini na mie. Mwani umekuja kulimwa kwa biashara huku mwishoni mwa miaka ya 1980, na tangu hapo ada, sare na bati za nyumba zetu nyingi zinatoka humo. Mama akibaki nyumbani, hizo zitoke wapi?

Mkaa Kiwengwa

Mimi nasafisha vyumba hotelini. Mtoto ana mwaka na nusu.

Kima cha chini cha sekta binafsi Zanzibar kilipandishwa kuwa 347,000 kwa mwezi Aprili 2024. Kwa aliyekuwa chini ya hapo ni nafuu kubwa, nasema alhamdulillah. Lakini dada wa kazi wa kulala ndani anataka laki, na haki yake, naye ni mtoto wa watu. Toa kodi, toa chakula, toa nauli za siku gari la hoteli lisipopita. Halafu zamu: wiki hii naingia asubuhi, wiki ijayo naingia saa 9 mchana natoka saa 5 usiku. Hakuna nasari ya saa 5 usiku.

Kilichonisaidia ni mwenzangu wa kazi mwenye mtoto wa umri ule ule. Tulimfuata msimamizi tukamuomba mambo mawili: tupangwe zamu zinazopishana, na ratiba ibandikwe wiki mbili kabla. Akakubali. Asubuhi mimi kazini, yeye na watoto wote wawili. Jioni tunabadilishana, na lile pengo la saa moja anashika jirani kwa 1,000. Mwajiri halikumgharimu hata shilingi. Wanaosimamia watu mahotelini, nawaomba mlisome hili mara mbili.

Jengine, kwa wanaonyonyesha. Nesi wa kliniki alinifundisha kukamua. Maziwa yaliyokamuliwa yanakaa nje ya friji saa nne tu, na kwa joto letu usingoje zifike. Kwenye friji yanakaa mpaka siku nne. Usiyachemshe, weka chombo ndani ya maji ya moto yapate uvuguvugu. Mnyweshe kwa kikombe kidogo, si chupa, kwa sababu chupa inahifadhi uchafu. Mtoto alipobakisha, mwaga. Wangu alinyonya maziwa yangu mpaka miezi sita bila ya uji na mimi niko kazini.

Mpemba wa Mtambile

Na sisi Pemba tusisahauliwe.

Msimu wa karafuu ukikaza, nyumba inahama. Baba juu ya mkarafuu, mama anachuma matawi ya chini na usiku anachambua, wakubwa wanaokota mpeta, karafuu zilizoanguka chini. Mdogo anawekwa chini ya mti, na mti ule ule una watu juu, una matawi yanayokatika, una nyoka. Ndipo anapochukuliwa msichana mmoja wa darasa la tatu, la nne, akae na wadogo. Wiki zinapita. Akirudi skuli wenzake wameshakwenda, na mwaka unaofuata anaitwa yeye yeye kwa sababu "keshazoea". Nina dada yangu aliyemaliza skuli yake hivyo. Ana akili kuliko sisi sote na hakufika darasa la saba.

Shambani kwetu siku hizi tunafanya hivi. Mchumaji analipwa kwa pishi. Kila mwenye mtoto anatoa kibaba cha karafuu mbichi kwa siku kwa mlezi, papo hapo, kabla hajaondoka shambani. Mlezi ni mama mtu mzima wa pale pale. Anazianika mwenyewe, na zikikauka anazipeleka kituo cha ZSTC, shirika la Serikali linalonunua karafuu, auze kwa jina lake. Pesa yake haingoji mtu kulipwa wala kukopeshwa, na karafuu ikipanda bei anapanda nayo. Mwaka jana aliezeka jiko lake. Na yule msichana wa darasa la nne yupo darasani.

Shida iliyobaki ni miaka isiyo na karafuu. Mwaka mbaya kila mtu anasema atabaki na wake.

Mchukuzi

Mimi mwanamme, kazi yangu ni kuchukua mizigo bandarini Malindi. Mke wangu anauza mboga Mwanakwerekwe, anatoka alfajiri kuwahi magari ya shamba. Mtoto wa miaka miwili nakaa naye mimi mpaka saa 3, namuogesha, namlisha uji, ndiyo nampeleka kwa mlezi. Kwa nini? Kwa sababu walezi hawafungui alfajiri. Wenzangu walikuwa wananitania, sasa wawili wanafanya vivyo hivyo. Nilitaka kusema tu kwamba baba naye ni mlezi, na saa hizo mbili tatu zinapunguza malipo.

Mlezi wa Jang'ombe

Nimesoma yote, na nashukuru mmetutaja sisi.

Nalea watoto wa majirani nyumbani kwangu. Natoza 1,500 kwa siku, mama analeta unga wa uji au chakula chake, na kanga mbili za kubadilisha. Mama wa watoto wawili namfanyia 2,500. Wapo wanaolipa Ijumaa, wapo wanaosema "kesho, shoga yangu" mpaka mwezi unakwisha. Sikumfukuza mtoto hata mmoja kwa deni, maana najua mama yake anakwenda wapi. Lakini na mimi nanunua mkaa, sabuni na maji. Mnaponichelewesha, uji unakuwa mwepesi. Hiyo ndiyo hakika, na anayeunywa ni mtoto.

Sheha wetu alinielekeza Ustawi wa Jamii. Nilikwenda na hofu, nikidhani watanifungia. Afisa alikuja kutazama choo, kisima na jiko, na akasema niliyoyafanyia kazi siku ile ile: kisima kifunikwe kwa mfuniko mzito, ndoo ya maji isiachwe wazi hata ikiwa na maji kidogo, mafuta ya taa na dawa ya kufulia visikae kwenye chupa za soda, jiko la mkaa liwe nyuma ya kizuizi. Mtoto mdogo anaweza kuzama ndani ya ndoo. Wengi hatulifikirii hilo.

Na sipokei mtoto bila kadi ya kliniki. Natazama chanjo, hasa ya surua, ya miezi 9 na ile ya miezi 18 ambayo kina mama wengi wanaisahau. Surua ikiingia kwenye nyumba ya watoto kumi haichagui.

Nina ombi kwa wanaopanga. Tangu 2016 Serikali inawapa wazee wa miaka 70 pencheni jamii, na hata ilipokuwa 20,000 kwa mwezi niliona bibi wa mtaani kwetu akinunulia wajukuu maziwa. Mzee akithaminiwa, mtoto naye anashiba. Basi na mlezi wa mtaani afikiriwe: magodoro, vyombo, mafunzo ya wiki moja. Hatuombi jumba.

Mwalimu wa Maandalizi

Mlezi, umenigusa. Wazazi wanaponiuliza ubora ni nini, wanatazama viti vya rangi na sare. Mimi natazama kama mtu mzima anazungumza na mtoto.

Hapa kwetu mfano tunao. Mpango wa skuli za awali za Madrasa ulianzia Mombasa miaka ya 1980 kwa kazi ya mwalimu Bi Swafiya Said na shirika la Aga Khan Foundation, ukafika Zanzibar 1990. Vijiji vilitoa nyumba na walimu kutoka humo humo kijijini, na vifaa vikawa vifuu, makumbi, makombe ya pwani, mbegu na vitambaa. Baadaye zikaja klasi za Tucheze Tujifunze, masomo yakisikika kwa redio na mwalimu wa kijijini akiongoza michezo. Sehemu zote mbili kilichofanya kazi ni mtu wa pale pale aliyefunzwa na kutembelewa mara kwa mara. Asiyetembelewa anarudi kwenye bakora na kukaririsha.

Kwa wadogo wa chini ya miaka 3, nasema kwa uzoefu wangu: wa kubebwa wasizidi watatu kwa mlezi mmoja. Mbegu na vifuu viwe vikubwa visivyoingia mdomoni. Waimbieni, wasimulieni, waelezeni mnachokifanya mnapowaogesha. Televisheni izimwe.

Mama wa Fuoni

Jamani, tupo kina mama sita wa vitumbua na maandazi huku Fuoni. Tunaamka saa 9 usiku kukanda. Tunataka kuanza. Tuanze na nini, nyumba au pesa?

Mlezi wa Jang'ombe

Anzeni na mtu. Kaeni na huyo mtu mkubaliane saa na malipo mbele ya sheha, muandike. Nyumba itapatikana, sita nyote mna uwa.

Mwanamwani

Na wekeni mchango wa wiki ya kwanza na ya pili kabla mtoto hata mmoja hajapelekwa. Mkitaka kuona tunavyofanya, njooni Jambiani mwezi ukiwa mpevu, kabla ya saa 2 asubuhi. Mkichelewa sisi mtatukosa, tutakuwa tumeshashuka, lakini walezi mtawakuta na wao ndio wa kuwauliza.