Mdogo wangu alishinda shindano la kuimba kwenye TV, sasa kaletewa mkataba wa miaka 7. Asaini?

DadaMkubwa_Moro
Wakuu habari za jioni, naomba msaada wenu hasa mlio kwenye muziki. Mdogo wangu ana miaka 21, mwaka jana alishinda shindano la kuimba kwenye TV (sitalitaja, sitaki kumharibia). Huyu mtoto anatunga mwenyewe tangu yuko form two, ana kaunta buku tatu zimejaa nyimbo na gitaa kajifunzia kanisani. Hela ya ushindi tumeezeka nyumba ya mama, iliyobaki imeishia studio na nauli za Dar. Miezi mitatu ya kwanza simu ilikuwa haitulii, harusi, send off, uzinduzi wa maduka, mpaka mimi ndo nikawa napokea. Saivi wiki nzima inapita kimya.

Kilichoniuma ni harusi moja mwezi uliopita hapahapa Moro. MC kamtambulisha vizuri, ukumbi mzima makofi, akaimba ule wimbo wa msanii mwingine aliouimbaga fainali watu wakasimama na simu zao. Akasema naomba sasa niwaimbie wa kwangu. Mistari miwili tu watu washarudi kwenye stori na pilau, aliyemsikiliza ni mama mmoja meza ya mbele, kashika kijiko hajakifikisha mdomoni mpaka wimbo umeisha. Tunarudi kwenye bajaji mdogo wangu hakuongea neno.

Sasa kuna jamaa ana lebo kaleta mkataba wa miaka 7, umeandikwa nyimbo zote "alizotunga na atakazotunga" ni mali ya lebo, gharama za studio, vidio na mavazi zinarudishwa kwanza ndo wagawane, mdogo wangu asilimia 30. Wanataka jibu Ijumaa. Mama anasema asaini bahati hairudi mara mbili, mimi moyo unasita. Mnaonaje?

fundi_biti
Dada nakuomba Ijumaa asisaini kitu. Niko studio mwaka wa 11 huu na mikataba ya hivo nimeiona mingi, na anayelia baadae ni yuleyule aliyeandika nyimbo.

Mwambie hivi, wimbo una haki mbili. Kuna utunzi, yani maneno na melodi yake, na kuna rekodi iliyofanyika studio. Lebo ikitoa hela ya kurekodi kudai rekodi ni jambo la kuzungumzika, lakini utunzi wa zile kaunta buku tatu wao wamechangia nini? Kwa Sheria ya Hakimiliki ya 1999 haki ya mtunzi inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, yani hata wajukuu zake wanakula. Leo aigawe kwa sahihi moja?

Na hilo la gharama kurudi kwanza ndo kisu chenyewe. Vidio moja wanaweza kukuandikia milioni 15 na hujaoneshwa risiti, kwa hyo kila mwaka uko kwenye deni na hiyo asilimia 30 unaisikia tu. Mkitaka kukaa nao mezani ombeni mkataba wa nyimbo tatu au wa mwaka mmoja, hesabu zioneshwe kila baada ya miezi mitatu, na nyimbo za zamani zisiguswe. Kabla ya yote aende BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) ajisajili kama msanii, halafu COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, aandikishe kazi zake. Na mtafutieni wakili, hata wa kumlipa kidogokidogo.

babu_Ujiji
Nakubaliana na fundi kwenye utunzi ila msimtishe binti kwamba kila lebo ni mwizi. Vidio, promo ya redio, kuzunguka mikoani, yote hayo yanataka hela na yeye hana. Tatizo hapo ni mkataba huo, lebo nyingine anaweza kupata.

Hilo la harusi lisimvunje moyo kabisa. Shindano linamfanya mtu apendwe kwa nyimbo za wengine, zake inabidi azizoeshe watu upya kama mtu mgeni. Angalia Walter Chilambo, alichukua Bongo Star Search 2012 na milioni 50 zake, lakini leo watu wanamjua kwa nyimbo zake za Injili, nadhani wengi hata BSS hawaikumbuki. Kala Jeremiah alipita BSS za mwanzo kabisa hakushinda, 2013 akabeba tuzo za muziki za Kili. Na kijana wetu wa Kigoma Peter Msechu, TPF (Tusker Project Fame, shindano la kuimba la Afrika Mashariki) ya 2010 alikuwa wa pili nyuma ya Davis wa Uganda, mpaka leo anapanda jukwaani. Waliobaki ni wale waliokuwa na cha kwao cha kuimba, na mdogo wako anacho tayari.

wanjiru_nax
Salamu kutoka Nakuru. Sisi huku tulikuwa tunakesha na TPF kuanzia ile ya kwanza 2006 Valerie Kimani aliposhinda. Mimi ningeongeza kitu kuhusu Alpha Rwirangira wa Rwanda, alishinda TPF 2009, 2011 akashinda tena kwa All Stars, ile TPF ya waliowahi kushiriki, na muziki alisomea chuo kikuu Marekani. Kwa hivyo kukaa kimya kidogo ukijifunza si kupotea. Dada, huyo msichana ana miaka 21 tu, mbona anakimbizwa na Ijumaa? Mtu anayekupenda kikazi atangoja wakili asome.

Halafu yule mama wa kijiko, mlichukua namba yake?

DadaMkubwa_Moro
Nimesoma zote na nimemsomea mdogo wangu kwa sauti, ahsanteni sana jamani. Nimempigia yule jamaa nikamwambia tunahitaji wiki tatu na mwanasheria, akakata simu, baadae akatuma meseji eti nafasi kapewa mwingine. Mama kanuna ila nimemuonesha maneno ya fundi kuhusu miaka 50 akaniuliza "hata wajukuu?" nikamwambia ndio.

@wanjiru_nax namba sikuchukua ila bwana harusi namjua, nimemuuliza, kumbe ni shangazi yake anafundisha kwaya. Jumapili tunaenda kumuona.

@fundi_biti hizo nyimbo za kwenye daftari, kwenda kuziandikisha COSOTA inabidi ziwe zimerekodiwa studio kabisa au hata ya simu na gitaa inatosha?

fundi_biti
Ya simu na gitaa mwanzo mzuri dada. Arekodi zote leo usiku, kila moja aanze kwa kutaja jina lake na tarehe, azitume kwenye email yake mwenyewe, na kila ukurasa wa daftari aupige picha. Halafu mkifika COSOTA waulizeni wenyewe wanazitaka kwa mfumo gani.