Nitafichaje jina kwenye utafiti wa majina?

Ng'wanamabula
Wakuu habari, na wakubwa shikamooni. Naandaa ikisiri ya kongamano la kimataifa la onomastiki, yaani taaluma ya majina, lile la kila miaka 3, ambalo 2024 lilifanyika Helsinki. Mada yangu ni majina ya mapacha Usukumani.

Kwetu pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili Doto, na anayewafuata ni Shija. Mama yangu mkubwa ana mtoto mmoja tu, Shija. Pacha waliomtangulia walifia nyumbani wakiwa na wiki chache. Hakuna cheti cha kuzaliwa wala cha kifo, na pale walipozikwa sasa pana mihogo. Ukitaka ushahidi kwamba waliwahi kuwepo, umebaki kwenye jina la kaka yangu. Hilo ndilo ninalotaka kwenda kulisema.

Msimamizi wangu anasema kanuni zinataka mtoa taarifa apewe jina la bandia. Sasa nikimwita Juma, nitakuwa nimebaki na nini? Wenzangu mlifanyaje?

Jaduong_Kisumu
Nilikwama hapo hapo. Kwetu Wajaluo pacha ni Opiyo na Odongo, anayefuata ni Okello. Jina la kwanza nililiacha lilivyo, nikaondoa la baba, kijiji na umri. Akina Okello ni wengi mno, hakuna atakayejua ni yupi. Ila idhini ya maandishi chukua.

Mama Doto
Marahaba mwanangu. Idhini ya Shija peke yake haitoshi, waliokufa ni watoto wa mama yako mkubwa. Mimi nilikuwa Mama Kulwa kwa miezi 5. Tulipomzika, majirani wakaanza kuniita Mama Doto, tena kwa upole kabisa, na siku ya kwanza sikuitika. Usimpigie simu. Nenda ukakae naye.

Ng'wanamabula
Pole sana mama, na asante. Nilikwenda Jumapili. Alikuwa anachambua mchicha, akanyamaza mpaka ungo ukaisha. Kisha akasema niandike, na kwamba Doto alikuwa na baka jeusi nyuma ya sikio la kushoto. Kaka ana miaka zaidi ya 50 na hakuwahi kulisikia hilo. Naye amesaini.

Shija anabaki Shija. Kijiji nimekitoa. Baka sitaliandika, hilo ni lao.