Fremu za nyumba ya urithi wakati ndugu wanavutana: njia ipi ya kupangisha?

Kiborloni_Juu: Wakuu, tulinganishe. Nyumba ya urithi iko Majengo, Moshi. Watoto wanne, hati bado ina jina la marehemu baba. Msimamizi wa mirathi kateuliwa Mahakama ya Mwanzo, ila mgawanyo umekwama. Mbele kuna fremu (vyumba vya biashara) mbili tupu. Je, (1) kila mwenye funguo apangishe ya kwake, (2) msimamizi apangishe kwa niaba ya wote, au (3) zifungwe hadi waelewane?

Shangazi wa Pasua: Ya kwanza iondoeni kabisa. Kabla ya mgawanyo hakuna "fremu ya kwake". Haki ya kila mtoto iko kwenye nyumba nzima, haiko kwenye mlango anaoufunga. Mpangaji akilipa kwa kaka, dada anakuja kudai, na mwisho wake ni kufuli juu ya kufuli huku bidhaa za watu zikiwa ndani.

Njiro_Block: Mimi ya tatu siidharau, ila kwa hali moja tu: pale uteuzi wa msimamizi mwenyewe unapopingwa. Hapo mkataba wowote anaosaini unaning'inia. Vinginevyo fremu iliyofungwa inaliwa na mchwa, na kodi ya jengo inaendelea kukatwa kwenye LUKU.

Karani Mstaafu: Ya pili, lakini ifungwe vizuri. Msimamizi aambatishe nakala ya Fomu Na. 4 iliyomteua. Warithi wote waweke sahihi kwenye muhtasari wa kikao unaotaja kiasi cha kodi na akaunti. Kodi iingie akaunti ya mirathi, isipite kwenye simu ya mtu.

Muda ndio unaoumiza wengi. Msichukue kodi ya mwaka! Chukueni ya miezi mitatu, na mkataba useme wazi: "Mkataba huu utakoma kwa notisi ya siku 30 endapo mahakama itatoa amri kuhusu nyumba hii." Pesa ya mwaka ikishaliwa, halafu nyumba ikaamriwa kuuzwa, nani atamrudishia mpangaji?

Hesabu ya mfano: fremu mbili kwa 150,000 ni 300,000 kwa mwezi. Toa kodi ya zuio ya TRA (kodi ya serikali inayokatwa kwenye pango) asilimia 10, yaani 30,000. Weka 70,000 ya kukarabati bati na choo. Inabaki 200,000, kila mrithi 50,000. Kama mmoja amegoma kusaini, fungu lake libaki kwenye akaunti, wenzake wasiligawane.

Shangazi wa Pasua: Na kila fremu iwe na submita (mita yake ndogo ya umeme) jamani. Fremu zikitumia LUKU moja na nyumba kubwa, ugomvi wa umeme utafika kabla ya ule wa urithi.

Kiborloni_Juu: Asante Karani. Msimamizi akila kodi, tuanzie Baraza la Ardhi?

Karani Mstaafu: Hapana ndugu yangu. Malalamiko dhidi ya msimamizi yanapelekwa mahakama iliyomteua. Na kama unasema Baraza la Kata, tangu 2021 linasuluhisha tu migogoro ya ardhi, haliamui. Ombeni mahakama imwite alete Fomu Na. 5 ya orodha ya mali na Na. 6 ya hesabu. Na. 5 anatakiwa kuiwasilisha ndani ya miezi minne tangu ateuliwe, labda awe ameongezewa muda; Na. 6 inafuata baada ya hapo, kwa vipindi ambavyo mahakama itapanga. Kodi ya fremu isipoonekana kwenye Na. 6, mna hoja ya kuomba aondolewe. Nendeni na risiti za benki na nakala ya mkataba wa mpangaji.