MREJESHO: Taa za bustani za volti 12 zilizokuwa zinafifia kuelekea getini

Wakuu, habari za jioni. Niliuliza hapa kwa nini taa zangu sita za LED, wati 5 kila moja, zinawaka vizuri karibu na kibaraza lakini za getini zinakuwa kama mshumaa. Wengi mlisema tatizo ni waya, wachache mkasema transfoma (kile kifaa cha kushusha umeme wa nyumbani wa volti 230 hadi 12) imechoka.

Waliosema waya wamepatia. Nilipima kwa mita taa zote zikiwa zinawaka: kwenye transfoma volti 12.1, getini 10.3. Waya aliouweka fundi ni wa milimita 1 ya mraba na safari yake ni kama mita 35. Kwa volti 12 mkondo ni mkubwa kuliko ungekuwa kwa 230 kwa wati zilezile, kwa hiyo waya mwembamba unakula volti njiani. Nimebadilisha, nikaweka wa milimita 4 za mraba, sasa getini napata 11.6 na macho hayaoni tofauti kati ya taa za getini na za kibarazani. Bei yake ilinitoa jasho, shaba si mchezo.

Aliyeshauri transfoma ikae katikati ya taa, waya uende nusu ya taa huku na nusu kule, wazo lake ni zuri sana, ila kwangu transfoma iko ukutani na zege limeshamwagwa.

Viungo vyote nimevihamishia kwenye viboksi visivyopitisha maji. Tepu peke yake ardhini haidumu, mvua za masika zinaimaliza.

Swali lililobaki: kumbikumbi. Mwanga wa njano unawapunguza kweli?